Nimefika, Kabla ya Kuondoka

Zilibaki siku nne Majuu apande ndege, na pasipoti yake bado ilikuwa ubalozini. Viza iliahidiwa kutoka Jumatatu. Jumatatu ikaja ikapita, Jumanne nayo vivyo hivyo, na kila alipopiga simu alipokewa na sauti iliyorekodiwa, ikimshukuru kwa uvumilivu wake. Uvumilivu gani? Msichana alikuwa hali akashiba, halali akapumzika, na kucha za mkono wa kulia alishazitafuna zote akahamia wa kushoto.

Majuu si jina alilopewa na wazazi. Mtaa ulimbandika jina hilo tangu yuko shule ya msingi, kwa sababu alizisimulia nchi za mbali utadhani katoka huko jana. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, na mpaka wa nchi hakuwahi kuuona hata kwa mbali. Hilo halikumfunga mdomo. Alikuwa na blogu yake, aliyoiita Mguu Nje, na humo aliwafundisha watu wazima kusafiri: jinsi ya kukunja suruali ili sanduku lifunge, jinsi ya kumjibu afisa wa uhamiaji bila kubabaika, jinsi ya kulala kwenye kiti cha uwanja wa ndege usiamke na shingo imepinda.

Aliyajuaje? Kwa kuuliza. Majuu alikuwa mfanyakazi wa duka la stesheneri lenye mashine mbili za fotokopi, moja nzima na moja mpaka ipigwe makofi, na kwa ndani kulikuwa na pazia jeupe la kupigia picha za pasipoti. Wasafiri wa mji ule karibu wote walipita mikononi mwake. Alimkalisha mtu kwenye kigoda, akamwambia asicheke na masikio yaonekane, akampiga picha, kisha akamjazia fomu. Waliokwenda wakarudi walimpitia kumsimulia, naye alisikiliza mpaka wateja wengine wakaanza kugonga kaunta. Jioni aliandika. Wasomaji wake, mia tatu na kitu, walimdhania mama mtu mzima mwenye pasipoti iliyochakaa kwa mihuri. Hakuwahi kuwaambia hivyo. Hakuwahi kuwaambia vinginevyo pia, na hapo mimi ndipo ninapomlaumu.

Mwaka ule shule moja ya uandishi, huko kwenye nchi za baridi, ilitangaza nafasi tisa kwa vijana wa dunia nzima. Miezi sita, tiketi na malazi juu yao. Majuu alituma makala zake bila kumwambia mtu. Jibu lilimkuta analaminisha cheti cha mteja. Alipiga yowe, akakiacha cheti kwenye mashine, kikaanza kunuka moshi.

Bosi wake alitoka mbio chooni akidhani umeme umempiga.

"Nimechaguliwa!"

"Na cheti cha watu je, nacho kimechaguliwa?"

Sharti la shule lilikuwa moja tu. Asiyefika kufikia tarehe ishirini, nafasi yake anapewa anayemfuata kwenye orodha. Majuu aliisoma sentensi hiyo kwa haraka, kama mtu asomavyo maelezo ya nyuma ya chupa ya dawa, kwa kuwa wakati huo tarehe ishirini ilikuwa mbali mno.

Nyumbani walikuwa watatu. Mama yake, mjane, alikuwa fundi wa sare za shule, akishonea pale pale sebuleni kwa cherehani ya kukanyaga. Kaka yake alikuwa kinyozi mwenye ulimi mkali kuliko wembe wake. Wa tatu ni yeye. Mama aliposikia habari ya safari hakupiga vigelegele wala hakununa. Aliuliza jambo moja.

"Miezi sita, halafu?"

"Halafu narudi, Mama."

"Haya. Miezi sita si kitu."

Tangu siku hiyo akawa na wimbo mmoja. Mteja akija kupima sketi ya mwanawe, ataambiwa binti anasafiri, lakini miezi sita si kitu. Mwenye nyumba akipita, miezi sita si kitu. Kaka mtu alimtania kwamba akiendelea hivyo miezi yenyewe itachoka kabla haijaanza.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, kwa sababu ni kosa ambalo mimi na wewe tusingeweza kulifanya hata kwa kulipwa. Shule ile ilikuwa na utaratibu wake: wiki mbili za kwanza wanafunzi wananyang'anywa simu na kompyuta, wanapewa daftari na penseli, waandike kwa mkono kama watoto. Majuu akaingiwa na hofu. Wiki mbili bila neno, wasomaji si watamkimbia? Akaamua kuwaandikia kabla. Aliandika makala nne, akaziwekea tarehe na saa, kila moja ijitoe yenyewe hewani siku yake ikifika. Ya kwanza aliipangia tarehe kumi na sita, saa kumi na mbili asubuhi, siku mbili baada ya ndege kuondoka. Kichwa chake: "Nimefika."

Alizoea kuandika ya kuulizia. Safari hii hakuwa na wa kumwuliza, maana katika wateja wote wa duka lile hakuna aliyewahi kufika katika mji huo. Akakaa sebuleni na kompyuta mapajani, Mama akishona hatua tatu kutoka alipo, akafumba macho. Basi yakaja. Yeye mwenyewe alishangaa. Siku zote aliona kuandika ni kazi ya kupanga vitu vya watu wengine kwenye begi lisilo lake, huku akiogopa mwenye begi asije akagundua. Siku ile hakukopa kitu kwa mtu. Aliandika chumba ambacho hajakiona, akajua rangi ya mlango, akajua baridi inaingilia wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika "mimi" bila kujificha nyuma ya "msafiri". Alipomaliza akaenda kunywa maji, akaona ameandika kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuandika. Na kweli kilikuwa kizuri. Hakujiuliza kimetoka wapi.

Basi, siku nne zile ziliisha. Tarehe kumi na nne ndege iliruka, na Majuu alikuwa dukani akikata picha za watu nne kwa nne. Ilipopita juu ya bati, hakuinua kichwa. Mkasi ulimponyoka, akakata sikio la mteja kwenye picha, ikabidi aprinti upya. Watu wa shule walimsogezea tiketi hadi tarehe kumi na tisa, wakamwandikia kwa upole kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Kila asubuhi alipitia getini kwa ubalozi kabla ya kwenda kazini. Mlinzi alishamzoea.

"Bado, dada," alimwambia kwa mbali, kabla hata hajafika.

Alikuwa amefunga sanduku na kulifungua mara saba. Yeye, mwalimu wa kukunja suruali, alikuwa sasa anatupa nguo ndani kama anayehama kwa moto, anazitoa, anazinusa, analia, anazirudisha. Katika hali hiyo nani angekumbuka makala zilizopangiwa tarehe? Hakukumbuka. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Tarehe kumi na sita, saa tatu asubuhi, Mwalimu aliingia dukani. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja kila wiki kutoa nakala za mitihani ya tuisheni, na msomaji wa Mguu Nje tangu mwanzo. Alimwona Majuu nyuma ya kaunta, akarudi nyuma hatua mbili, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"We! Si umefika jana?"

"Nimefika wapi, Mwalimu?"

"Majuu, usinifanyie hivyo, mimi nina presha. Asubuhi hii nimekusoma uko huko kwenye baridi, umejifungia chumbani. Nimemsomea mke wangu, amelia. Sasa hapa ni wewe au ni nani?"

Majuu aliufikia mlango wa ofisi ya ndani bila kujua amepitaje, akafungua kompyuta ya duka. Makala ilikuwa hewani, imetulia, kama iliyotumwa kwa heri. Chini yake walikuwa wamejaa watu. Si mia tatu. Ukurasa mmoja mkubwa wa wasomaji ulikuwa umeibeba na kuisambaza, na idadi ilikuwa imeshapita elfu nne, inapanda huku anaitazama.

Zile tatu zilizobaki alizizuia palepale. Kisha akaweka mkono kwenye kipanya ili afute ya kwanza. Hapo macho yakaangukia maoni ya mtu mmoja: "Dada, nimelia ofisini mbele ya watu. Umeandika maisha yangu." Akasoma na la pili. Akasoma na la kumi. Miaka mitatu alikuwa anaandika, na hakuna aliyewahi kumwambia amelia. Walikuwa wakimwambia asante kwa maelezo ya suruali.

Mkono ukaondoka kwenye kipanya. Alijiambia viza itatoka kesho, keshokutwa atakuwa huko, nani atahesabu siku tatu? Alijiambia akiifuta wataanza kuuliza maswali. Mtu akitaka kujipalia makaa hakosi sababu nzuri. Alimrudia Mwalimu, akamwambia ni mambo ya mitambo, na akampigia nakala arobaini bila kumtazama usoni.

Jioni alimkuta kaka yake mlangoni, mkono kiunoni.

"Karibu kutoka ughaibuni. Umetuletea nini?"

"Kaka, niache."

"Nimewasomea wateja wote leo. Mmoja amesahau kwamba nimemnyoa upande mmoja tu, kaondoka. Nikaja mchana nikamsomea na Mama."

"Umemsomea yote?"

"Nikuruke, mwandishi? Yote."

Mama alikuwa sebuleni, mguu kwenye kanyagio, akipitisha ukosi wa shati jeupe chini ya sindano. Hakuinua macho.

"Umeandika vizuri," alisema.

"Mama, ile ni hadithi tu. Ni mambo ya kuandika."

"Naelewa."

Niwape maneno yenyewe, ili msinione namwonea mtu. Ilianza hivi: "Nimefika. Chumba changu kina dirisha moja na kitanda kimoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sisikii cherehani ya mtu." Ikaendelea mistari mingi mizuri juu ya ukimya, na ikaishia hivi: "Mama, usinisubiri. Nimepata mahali ambapo hakuna anayenijua, na mahali hapo ni pangu. Mlango nimeufunga kwa ndani."

Asubuhi iliyofuata Majuu aliamka akakuta sebule ina nafasi ya ajabu. Mama na kaka walikuwa wamebeba cherehani na kuihamishia uani, chini ya bati la jikoni, pale ambapo mvua ikija inabidi mtu akimbie na vitambaa. Mama alisema uani kuna mwanga. Majuu alisimama pale sebuleni na mswaki mdomoni. Alisukutua, akavaa akaenda kazini.

Tarehe kumi na nane simu ililia. Ilikuwa sauti ya mtu, si ile iliyorekodiwa. Afike ubalozini saa nne, dirisha namba tatu. Bosi alimruhusu, tena alimsukuma mlangoni kwa furaha. "Kachukue viza yako, mama! Kesho hiyo unaruka!" Majuu alikwenda mbio kiasi kwamba mlinzi wa getini alicheka, akampa heko.

Nyuma ya kioo cha dirisha namba tatu alikaa mama mmoja wa makamo, nywele amezibana vizuri, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Mbele yake kulikuwa na pasipoti ya Majuu. Kando ya pasipoti kulikuwa na karatasi zilizobanwa kwa pini. Majuu alizitambua kwa mbali hata kabla hajakaa, kwa sababu mtu huijua aya yake kwa umbo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Hii blogu ni yako?"

"Ndiyo, ni yangu."

"Tarehe kumi na sita umeandika kwamba umefika. Umefika wapi?"

"Sijafika, mama. Niko hapa. Si unaniona?"

"Nakuona. Ndiyo maana nakuuliza."

Majuu alieleza. Alieleza habari za shule, za simu kuchukuliwa, za makala kupangiwa tarehe, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia anadanganya, ilhali kila neno lilikuwa kweli. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

"Kwa hiyo uliandika jambo ambalo halijatokea, ukasema limetokea."

"Ni uandishi, mama. Ndivyo tunavyofanya."

"Na hapa kwenye fomu, ulipoandika kwamba baada ya miezi sita utarudi nyumbani. Huo nao ni uandishi?"

Majuu alikuwa amewafundisha wasomaji wake kwa miaka mitatu: jibu fupi, mtazame afisa machoni, usiguse uso. Aligusa uso.

Yule mama alivaa miwani, akasoma polepole. "'Mama, usinisubiri.' Halafu hapa. 'Mlango nimeufunga kwa ndani.' Ulikuwa na maana gani?"

"Ni maneno tu."

"Binti, utarudi?"

"Nitarudi."

Alilisema haraka, tena kwa sauti nzuri. Na akaisikia sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya wateja wake pale kwenye kigoda, wale aliowakaririsha majibu mpaka wakayasema bila kupepesa. Yule mama naye bila shaka aliisikia kila siku, madirisha yote manne.

"Naifuta," Majuu alisema. "Naifuta sasa hivi, tazama." Alitoa simu, akaandika neno la siri akakosea, akaandika tena. "Imefutika. Angalia, mama, haipo tena. Haipo kabisa."

"Kufuta hakusaidii. Nakala ninayo."

"Nakuomba. Tarehe ishirini nafasi inakwenda kwa mtu mwingine. Sitaipata tena. Mimi sina kingine, mama, unanielewa? Nimewapiga picha watu wote wa mji huu waende, mimi nimebaki na pazia. Nakuomba kama mama yangu. Nikupigie magoti?" Na akapiga magoti, pale sakafuni, mbele ya foleni ya watu waliovaa vizuri kwa ajili ya madirisha yao. Wakatazama pembeni kwa adabu. Mlinzi yule wa getini ndiye aliyekuja kumwinua, amemshika chini ya kwapa, bila kucheka.

Muhuri wa kukataliwa uligongwa mara moja. Yule mama alimsukumia pasipoti kwa kipenyo cha chini ya kioo, akasita, akasema kwa sauti ya chini, "Umeandika vizuri sana. Mimi mwenyewe niliirudia mara mbili."

Majuu alikaa kwenye ukingo wa barabara, mbele ya geti, akawaandikia watu wa shule. Jibu lilirudi haraka, fupi, la huruma. Walisikitika sana. Walikuwa wameshamwita anayefuata. Alisoma, akaweka simu kwenye begi, akalia pale pale barabarani mchana kweupe, kwa sauti, kama mtoto aliyeachwa sokoni. Alilia mpaka mlinzi akamletea kiti cha plastiki.

Alifika nyumbani saa nane. Kaka yake alikuwa amesikia tayari, habari mbaya hazihitaji bando. Alikuwa ameacha mteja na povu kidevuni, amekuja anatukana ubalozi mzima, anasema anakwenda kulivunja hilo dirisha namba tatu na la nne alivunje la akiba.

"Nenda kaninunulie uzi mweupe," Mama alimwambia.

"Mama, uzi upo."

"Nenda kaninunulie uzi, mwanangu."

Akaenda. Mama alikuwa uani, kwenye cherehani, na shati la sare likiwa nusu limeshonwa. Aliinua mguu kwenye kanyagio. Majuu aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, mbele yake.

"Walikuuliza nini?"

"Habari za blogu."

"Walikuuliza nini, mwanangu?"

"Waliniuliza kama nitarudi."

"Ukajibuje?"

"Nikasema nitarudi."

Mama alichomoa pini moja kwenye ukosi, akaichomeka kwenye kifua cha gauni lake, akachomoa ya pili. "Sasa nakuuliza mimi. Mimi sina muhuri wala sina kioo. Ulikuwa unarudi?"

Kuku wa jirani waliparua ukutani. Majuu alitazama mikono ya mama yake, vidole vilivyotobolewa na sindano tangu hajazaliwa, na akatafuta jibu fupi. Lilikuwepo moja tu, na alikuwa hajawahi kulisema hata kwa nafsi yake. Alikuwa amelisema kwa watu elfu nne, mama wa dirishani akiwa mmoja wao.

"Hapana, Mama."

"Tangu lini?"

"Sijui. Sikujua. Niliandika tu, ikatoka hivyo. Wallahi sikujua."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubaliana na kipimo alichokishuku. Macho yake yalijaa, lakini sauti ilibaki pale pale. "Yule mama wa watu amekusoma akakujua. Mimi nimekuzaa, nimekaa nawe sebule moja miaka yote hii, nimekuja kusomewa na kaka yako mwenye mikono ya povu."

"Nisamehe."

"Sijasema umekosa." Alijifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Kaka yako anasema umeandika nne."

"Tatu sikuzitoa. Nitazifuta."

"Nisomee."

"Mama, hazina maana tena."

"Nisomee. Nataka nijue ulikuwa unakwenda kuishije."

Kwa hiyo Majuu akatoa simu akasoma. Alisoma makala ya pili, yenye theluji inayoanguka juu ya baiskeli za wanafunzi. Alisoma ya tatu, yenye rafiki mmoja wa kutoka mbali anayecheka kwa mkono mdomoni. Mama alisikiliza akiwa ameegemeza mashavu kwenye viganja, na penye kuchekesha alicheka kidogo, kwa haki. Walipofika katikati ya nne akauliza, bila lawama, kama anayeulizia kifungo kilichopotea:

"Na mimi niko wapi humo?"

Majuu akapeleka macho mbele haraka. Akashuka mistari, akashuka tena, mpaka mwisho kabisa. Mama hakuwemo. Hakuwemo hata kwa neno moja, hata kwa kusahauliwa.

Akarudisha macho juu, akaendelea kusoma. "Leo asubuhi nimemkumbuka Mama. Nimekumbuka anavyokata uzi kwa meno, na anavyoniambia nisifanye hivyo. Nimetaka kumpigia simu..."

"Hiyo haimo," Mama alisema.

Machozi ya Majuu yalikuwa yanadondokea kioo cha simu, na maandishi yenyewe hayaonekani tena.

"Umeitunga sasa hivi."

"Ndiyo, Mama."

Mama aliliondoa shati kwenye cherehani, akaliweka magotini, akalikunja mikono yake vizuri.

"Itunge mpaka mwisho," alisema.